Mnunuzi wa kompyuta apewe njia ya kuhama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu ushindani wa kampuni za kompyuta na simu, jambo linalozungumzwa sana barazani na madukani hapa Mombasa, ingawa kwa namna ambayo, nionavyo mimi, huacha kiini chake kando. Nimeendesha saiba ndogo, yaani duka la kukodisha kompyuta na intaneti, mtaani Majengo tangu mwaka wa 2009, mwaka ambao nyaya za SEACOM na TEAMS zilizolazwa chini ya bahari zilifika pwani yetu na intaneti ya nchi hii ikaacha kutegemea setilaiti. Tangu wakati huo nimesikia watu wakisema, kila mwaka kwa sauti ya juu zaidi, kwamba mnunuzi wa siku hizi amebahatika kwa sababu kampuni za teknolojia zinashindana vikali. Ushahidi wanaoutoa ni kaunta za maduka ya Barabara ya Digo na Moi Avenue.

Mwenye kuzitazama kaunta hizo ataona Samsung, Tecno, Infinix, Itel, Oppo na Xiaomi zimepangwa bega kwa bega, na upande wa kompyuta ataona HP, Dell, Lenovo, Acer na Asus. Hayo ni majina kumi na moja. Lakini Tecno, Infinix na Itel ni watoto wa baba mmoja, kampuni ya Transsion yenye makao yake Shenzhen nchini China. Simu zenyewe za kisasa za majina yote sita huendeshwa na mfumo wa Android wa Google. Na zile kompyuta za majina matano, karibu zote zinazouzwa hapa huja na mfumo wa Windows wa Microsoft ndani yake na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Intel au ya AMD. Asiyeitaka Android atakwenda kwa iPhone ya Apple, na hapo safari yake ya kuchagua imekwisha.

Sisi wa kisiwani tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kisiwa kinaweza kuwa na maduka elfu moja, lakini feri ya Likoni ikikwama kwa nusu siku, mwenye duka na mnunuzi wake hukumbuka pamoja kwamba uhai wa kisiwa umo katika vivuko. Kwa hivyo mimi kampuni ya kompyuta au ya simu huipima kwa swali moja: mteja wake akitaka kuondoka, atabeba nini na ataacha nini?

Kifaa kilichonifunza swali hilo ni printa. Miaka michache iliyopita nilinunua printa ya katriji, ya kampuni ambayo sitaitaja, nikawa napeleka katriji kwa fundi wa Mwembe Tayari kujazwa wino kila ilipokwisha. Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi mingi. Asubuhi moja, baada ya printa kujisasisha yenyewe usiku kupitia intaneti, iliikataa katriji ile ile iliyokuwa ikiitumia jana yake na kutoa ujumbe kwamba haiitambui. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yangu akisubiri fomu ya shule ya mwanawe. Katriji ya kampuni yenyewe ilikuwa ikiuzwa kwa bei iliyokaribia theluthi ya bei ya printa nzima, na kwenye boksi, ambalo nililitafuta stoo nikalisoma pande zake zote sita, hapakuwa na neno hata moja la kunionya kwamba mashine niliyoinunua kwa pesa taslimu ingeendelea kupokea amri kutoka kwa aliyeniuzia.

Hasira yangu ilidumu wiki moja tu. Nilinunua printa ya matangi, ile inayomiminiwa wino kutoka kwenye chupa, nikachomoa kebo ya mashine ya zamani nikaichomeka kwenye mpya, na karatasi ya mteja wa kwanza ikatoka kana kwamba hakuna lililotokea. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko linavyostahili. Ushindani uliniokoa, kweli, lakini uliniokoa kwa kuwa printa haikuwa na kitu changu ndani yake. Haikuwa na picha za harusi, wala barua za marehemu baba, wala nambari za wateja, wala programu nilizokwisha kuzilipia. Simu na kompyuta vimebeba hayo yote, na juu yake vimebeba mazoea ya vidole, ambayo ni mzigo mzito kuliko watu wanavyodhani. Mtu anayehama kutoka mfumo mmoja wa simu kwenda mwingine huacha nyuma programu alizonunua, na mara nyingi hulazimika kupambana na mazungumzo na picha zake moja baada ya nyingine. Wengi hutazama kazi hiyo, wakashusha pumzi, wakanunua simu nyingine ya kampuni ile ile. Dukani mauzo hayo huandikwa kuwa uaminifu wa mteja.

Wapo vijana wanaokuja kwangu jioni wakibishana juu ya iPhone na Android kama mashabiki wa Arsenal na Manchester United, na kila upande una hakika kwamba kampuni yake ina moyo mwema kuliko ile nyingine. Huwakumbusha kwamba mwezi Agosti 1997 Apple ilikuwa taabani kiasi cha kupokea dola milioni 150 kutoka kwa Microsoft, na kwamba Apple hiyo hiyo, tangu ilipofungua duka lake la programu mwaka wa 2008, imekuwa ikitoza watengenezaji wengi kamisheni inayofika asilimia 30. Kampuni ikiwa dhaifu hudai milango ifunguliwe, na ikishapata nguvu huanza kuhesabu funguo. Sioni sababu ya kuipenda wala kuichukia yoyote kati yake.

Serikali zenye nguvu zimejaribu kuingilia kati, na historia yake inafaa kujulikana na wasomaji wako. Mwezi Mei 1998 serikali ya Marekani, pamoja na majimbo kadhaa, iliishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu za Windows kukisukuma kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia tovuti, cha Internet Explorer na kumnyonga mshindani wake, kampuni ya Netscape. Mwezi Juni 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru kampuni hiyo igawanywe mara mbili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilikubali kwamba sheria ilikuwa imevunjwa, lakini ikaifuta amri ya kuigawanya. Wakati mawakili wakiendelea kusoma nyaraka, Netscape ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni ya intaneti ya AOL, na watu walikuwa wamekwisha kuzoea kivinjari walichokikuta ndani ya kompyuta. Dawa ilifika matanga yakiwa yameshaanuliwa.

Kesi ya karibuni ya Google inafundisha zaidi. Katika kesi hiyo ilibainika kwamba mwaka wa 2022 pekee Google iliilipa Apple takriban dola bilioni 20 ili injini yake ya kutafutia iwe ndiyo anayoikuta mtu anapofungua kivinjari cha iPhone. Mwezi Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imedumisha ukiritimba wake kinyume cha sheria. Septemba 2025 alikataa kuilazimisha iuze kivinjari chake cha Chrome. Wanaoitetea Google husema kwamba mteja anaweza kubadilisha injini ya kutafutia kwa kubonyeza mara chache tu, na hilo ni kweli. Mimi nawauliza: ni mfanyabiashara gani atoaye dola bilioni 20 kwa mwaka kununua mahali ambapo mteja anaweza kupahama kwa kubonyeza mara chache? Anazitoa kwa kuwa anajua mteja hatabonyeza. Mwenye duka la nguo Biashara Street analijua jambo hilo bila kufika mahakamani, kwani ndiyo sababu kodi ya duka la mbele ni kubwa kuliko ya duka la uchochoroni.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa moja kwa moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo ulioanza kutolewa Julai 2015. Haki itendeke: miaka kumi si michache, na hakuna fundi anayeweza kulazimishwa kuikarabati kazi yake bure hadi mwisho wa dunia. Tatizo liko katika mlango wa kuingilia Windows 11, ambayo hudai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka wa 2017. Kompyuta yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita, ambayo inaandika barua, inacheza video na inafungua tovuti za serikali bila kuchoka, haikubaliwi. Haijaharibika na haijawa nzito. Imeandikwa tu katika orodha ya wasioruhusiwa.

Kompyuta za aina hiyo ndizo tunazonunua. Mombasa, kama miji mingine ya Kenya, hutegemea sana vipakatalishi vya mitumba kutoka Uingereza, Dubai na kwingineko, vilivyotumika maofisini huko na kuuzwa kwa jumla wenyewe walipotaka vipya. Mzigo ukishushwa, mwanafunzi wa chuo hununua kimoja kwa akiba ya mjomba wake, na muuzaji humwonyesha betri, kibodi na kioo. Hamwambii kwamba mashine hiyo imebakiwa na muda gani wa kulindwa. Kompyuta isiyopata masasisho haifi siku hiyo, na hapo ndipo penye hatari. Huendelea kuwaka kila asubuhi huku matundu mapya yanayogunduliwa na wezi wa mtandaoni yakibaki bila kuzibwa, na mwenyewe anaingiza nenosiri lake la benki humo humo.

Microsoft ilitoa nafasi ya mwaka mmoja wa ziada, hadi Oktoba 2026, kwa yeyote atakayelipa dola 30, ambazo ni karibu shilingi 3,900, au atakayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake mtandaoni kupitia akaunti ya kampuni, au atakayekuwa na alama 1,000 za zawadi zake. Baada ya shirika la kutetea wanunuzi la Euroconsumers kulalamika, wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya walipewa mwaka huo bure bila sharti la kuhifadhi chochote mtandaoni. Programu ni ile ile na matundu ni yale yale. Kilichotofautiana ni kwamba wao walikuwa na mtu wa kuwasemea, na mimi sijasikia aliyetusemea sisi.

Kuna watakaoniuliza kwa nini watu hawahamii Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, ambao huendesha vizuri hata kompyuta zilizozeeka. Mimi nimehamia, walau kwa kiasi. Mashine tatu kati ya kumi na moja za saiba yangu zinatumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, niliyoiweka kwa hiari yangu, na vijana wengi hukaa mbele yake saa nzima bila kugundua, kwa kuwa kazi yao yote imo ndani ya kivinjari. Taabu huanza mtu anapoleta wasifu wake wa kuombea kazi. Akiufungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, jedwali husogea, mstari wa mwisho huteremkia ukurasa wa pili, na yeye huingiwa na hofu kwamba mwajiri atamwona mzembe. Kisha hunionyesha tangazo la kazi kwenye simu yake, nalo linasema waziwazi kwamba barua itumwe kwa faili la Word. Kiwango cha wazi cha faili za maandishi kipo na kimetambuliwa kimataifa na shirika la viwango la ISO tangu mwaka wa 2006, na faili la PDF hufunguka popote bila kusogea hata herufi. Hivyo aliyemzuia kijana huyo asihame si Microsoft peke yake. Ofisi zetu, shule zetu na waajiri wetu wamejitolea kumlindia mwenye kufuli mlango wake, tena bila mshahara.

Jambo la pembeni, lakini linaniuma: tangu Desemba 2004 kulikuwa na programu ya ofisi ya bure iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, iliyofanyiwa kazi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden. Katika miaka yangu yote hii hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama naweza kumpa menyu za Kiswahili. Tulifunzwa kompyuta kwa Kiingereza cha kampuni moja, vidole vikakariri mahali pa kila kitufe, na sasa hata lugha tunayoota nayo hutuonekea ngeni kwenye kioo.

Wala tusijifanye kwamba nchi hii haijui dawa yake. Mwezi Aprili 2011 Wakenya waliruhusiwa kuhama kutoka mtandao mmoja wa simu kwenda mwingine huku wakibaki na nambari zao, na bado wengi hawakuhama. Sababu ilijulikana na kila mtu sokoni Kongowea: nambari ingeweza kubebwa, lakini pesa zilikuwa katika M-Pesa, huduma ya Safaricom iliyoanza Machi 2007, na mawakala walifungwa kwa mtandao mmoja. Mwaka wa 2014 Safaricom ilikubali, mbele ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, kuwaachia mawakala wafanye kazi na mitandao mingine pia. Mwaka wa 2018 ikawezekana kutuma pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Na mwaka wa 2022 mteja wa mtandao wowote akaweza kulipa kwenye nambari ile ile ya duka. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kufungua vivuko vitatu au vinne, na sidai kwamba sasa ushindani umekamilika. Lakini anayeuza mihogo ya nazi karibu na Fort Jesus hapotezi tena mteja kwa sababu ya rangi ya laini yake, na hilo halikuletwa na wingi wa majina kaunta. Liliamuliwa na watu waliokaa mezani na kuandika kanuni.

Ninaloliomba ni dogo, na limekwisha kufanywa kwingine. Kifaa chochote chenye kuunganishwa na intaneti kikiuzwa, kiwe kipya au mtumba, mnunuzi aelezwe kwa maandishi ni hadi tarehe gani kitaendelea kupata masasisho ya usalama. Nchini Uingereza sheria inayowalazimisha watengenezaji kutaja muda huo kwa simu na vifaa vingi vya nyumbani ilianza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, ingawa kompyuta zenyewe, kwa bahati mbaya yetu tunaozipokea, kwa kiasi kikubwa ziliachwa nje. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, mtengenezaji wa simu anapaswa kuhakikisha masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya kuacha kuiuza aina hiyo ya simu. Na wanaosema kwamba kanuni za mbali hazitufikii wafungue droo zao za chaja: Ulaya ilipoamua kwamba simu zote zinazouzwa huko kuanzia mwisho wa mwaka wa 2024 ziwe na tundu la USB-C, Apple iliibadilisha iPhone ya dunia nzima mwaka wa 2023, na leo hapa Majengo kebo moja huzunguka kati ya simu za wateja wangu bila kuuliza ni ya nani.

Kwetu hata sheria mpya huenda isihitajike. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyoinunua, na sioni ni maelezo gani yanayohitajika zaidi kuliko siku ambayo ulinzi wa bidhaa hiyo utakwisha. Mamlaka ya Ushindani, ambayo sheria imeipa pia jukumu la kuwalinda wanunuzi, ingeweza kuanza na waagizaji wakubwa wa vipakatalishi wanaopitishia mizigo yao katika bandari yetu. Nazo ofisi za serikali ya kaunti na za serikali ya kitaifa zinaweza kuacha mara moja, bila kikao wala bajeti, kudai faili za kampuni moja kutoka kwa wananchi.

Wiki iliyopita nilipita katika maduka manne ya mjini kuuliza swali hilo la tarehe, nikijifanya mnunuzi. Wawili waliniambia kwamba kompyuta zao ni nzuri sana. Wa tatu alikigeuza kipakatalishi, akaisoma karatasi iliyobandikwa chini yake kwa uangalifu kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa pale, kisha akaniambia dhamana ya duka ni miezi mitatu. Wa nne, kijana mchangamfu, alinisikiliza hadi mwisho, akacheka, akaniuliza: “Mzee wangu, wewe wataka kompyuta ama wataka kesi?” Nilimjibu kwamba nataka kompyuta, na kwamba tarehe hiyo nataka ainakili kwenye risiti. Alisema atamuuliza tajiri wake. Nimemwachia nambari yangu ya simu.

Mwenye saiba,
Majengo, Mombasa